Viashiria Mia Mbili na Ripoti Isiyoulizwa

SWALI: Mimi ni afisa mipango wizarani, katika kitengo cha ufuatiliaji na tathmini. Tuko watu watatu. Mpango wa maendeleo wa taifa una viashiria zaidi ya 200, na kila robo mwaka tunakusanya taarifa kutoka idara na mikoa, tunaandaa ripoti na kuipeleka kwa wakubwa. Hatujawahi kuulizwa swali hata moja juu yake. Sasa tumeagizwa tuingize ustahimilivu wa mabadiliko ya tabianchi, na mfadhili mmoja yuko tayari kutununulia mfumo mpya wa kompyuta. Tuanzie wapi? Na ustahimilivu unapimwaje, ikiwa mafanikio yenyewe ni madhara ambayo hayakutokea?

JIBU: Ndugu yangu, katika barua yako yote lenye uzito zaidi ni hili la kutoulizwa. Tuanzie hapo, kabla ya tabianchi na kabla ya kompyuta. Ripoti isipoulizwa ni kwa sababu hakuna uamuzi unaoisubiri. Mkiongeza viashiria 30 vya tabianchi juu ya mfumo wa namna hiyo, mtakuwa mmeongeza kurasa za kutosomwa, na maafisa wa ngazi za chini, ambao ndio wanaobeba kazi ya kukusanya, watazidi kujaza namba ili mradi fomu iondoke mezani.

Fanyeni zoezi moja ambalo halihitaji fedha. Chukueni bangokitita lenu la viashiria, yaani lile jedwali linaloviorodhesha vyote, mwongeze safu tatu: nani ataitumia namba hii, ataitumia kwa uamuzi gani, na uamuzi huo hufanyika mwezi gani. Jazeni kwa ukweli. Ukiandika "Katibu Mkuu, kwa taarifa" hujajibu. Ukiandika "Mkurugenzi wa Maji, kuamua wilaya zipi zipewe kwanza fedha za ukarabati, mwezi wa pili" umejibu. Msishangae mkikuta nafasi nyingi zimebaki tupu. Namba zenye nafasi tupu ni za aina mbili. Ziko zinazodaiwa na sheria au na mkataba wa kimataifa. Hizo zibaki, lakini zikusanywe mara moja kwa mwaka na kwa gharama ndogo kadiri iwezekanavyo. Nyingine zimebaki kwa mazoea tu, na hizo ziondoke.

Kuziondoa si kazi ya waraka. Kila kiashiria kina mwenyewe, na idara nyingi huamini kwamba kiashiria chao kikifutwa, na fungu lao la bajeti litafuata. Hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo kaeni nao ana kwa ana, muwaulize ni namba zipi wao wenyewe hufungua wanapopanga kazi. Uzoefu wangu ni kwamba wataalamu wa sekta huwa na namba chache wanazoziamini, mara nyingi zimo kwenye daftari au faili la mtu mmoja, na wala hazimo katika ripoti ya taifa. Namba hizo ndizo dhahabu yenu.

Halafu itazameni kalenda. Katika serikali nyingi ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha ambacho kila wizara inaruhusiwa kupangia, hutolewa miezi kadhaa kabla ya mwaka wa fedha kuanza. Tathmini nzuri ikitua mezani wiki mbili baada ya ukomo kutolewa, imechelewa mwaka mzima. Kitengo cha watu watatu hakiwezi kutoa ripoti nne nzito kwa mwaka na bado kikapata muda wa kufikiri. Ni afadhali mtoe taarifa tatu za ukurasa mmoja mmoja na ripoti moja ya kina, iliyopangwa ifike wiki sita kabla ya mjadala wa bajeti.

Tukija kwenye ustahimilivu, ugumu ulioutaja ni wa kweli, na wataalamu wengi huupita juu juu. Ufuatiliaji wa kawaida hulinganisha leo na jana: hali ya awali ilikuwa hivi, sasa iko hivi, tofauti ndiyo matokeo. Kwa tabianchi hesabu hiyo inapotosha, kwa sababu jana na leo hazikupigwa na hatari ileile. Tufanye kwamba mradi wa kilimo ulianza wilaya ikivuna tani 2.0 za mahindi kwa hekta, na mwaka wa tatu ikavuna tani 1.7. Ripoti ya kawaida itasema mradi umeshindwa. Lakini kama mwaka huo mvua ilipungua kwa theluthi moja, na wilaya jirani zisizo na mradi ziliporomoka hadi tani 1.1, mradi huo umeokoa zaidi ya nusu tani kwa kila hekta katika mwaka mbaya. Geuza mfano huo: mvua nzuri ikinyesha, mavuno yakapanda kila mahali, mradi dhaifu nao utavikwa taji. Kwa hiyo ningependa ibandikwe ukutani pale ofisini kwenu kanuni hii: namba yoyote ya matokeo iandikwe pamoja na kipimo cha hatari ya kipindi hicho. Mavuno yaandikwe pamoja na mvua, vifo pamoja na nguvu ya kimbunga, wagonjwa wa kipindupindu pamoja na mafuriko.

Bangladesh inalionyesha jambo hili vizuri kuliko nchi yoyote ninayoijua. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 au zaidi. Cha Aprili 1991 kiliua karibu 140,000. Sidr, kilichopiga Novemba 2007, kiliua takriban 3,400. Vyote vitatu vilikuwa vimbunga vikali sana, na idadi ya watu nchini ilikuwa ikiongezeka muda wote huo. Kati ya tarehe hizo nchi ilijenga mtandao wa wafanyakazi wa kujitolea wa kutoa tahadhari vijijini, ikajenga makimbilio ya saruji pwani, na utabiri ukaboreka. Mtu akiuliza ushahidi wa ustahimilivu unafananaje, unafanana na hivyo: hatari zinazokaribiana kwa ukali, madhara yanayopungua, na maelezo ya njia ambayo badiliko lilipitia.

Lakini msiishie hapo, kwa maana kisa hicho kina mafunzo mengine mawili kwa mtathmini. La kwanza, Sidr kilitua karibu na misitu ya mikoko ya Sundarbans, ambayo ilipunguza nguvu ya mawimbi. Sehemu ya nafuu, basi, ilitokana na mahali kilipotua, na tathmini ya haki hulisema hilo waziwazi badala ya kuupa mpango sifa zote. La pili ni zito zaidi. Wakati vifo vimepungua kiasi hicho, uharibifu na hasara ya Sidr vilikadiriwa kufikia dola bilioni 1.7 za Marekani. Watu waliokoka, lakini nyumba, mazao na mifugo vilikwenda na maji. Anayepima vifo peke yake atasema ustahimilivu umepatikana. Anayepima mali peke yake atasema hakuna kilichobadilika. Kuokoa maisha na kuokoa riziki ni kazi mbili, zina njia tofauti na zinahitaji viashiria tofauti. Katika mpango wenu zitenganisheni tangu mwanzo.

Najua utasema hamna takwimu za hatari. Mnazo, na nyingi ni za bure. Mkusanyo wa takwimu za mvua uitwao CHIRPS, unaounganisha picha za setilaiti na vipimo vya vituo vya ardhini, unaanzia mwaka 1981 na hutoa makadirio kwa miraba ya takriban kilomita 5. Kutokana nao mnaweza kukokotoa SPI, kipimo cha ukame ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikipendekeza mwaka 2009 kitumiwe na huduma za hali ya hewa za nchi zote. Chenyewe kinaonyesha tu mvua ya kipindi fulani iko mbali kiasi gani na kawaida ya mahali hapo. Picha za setilaiti za Landsat zinarudi nyuma hadi 1972, na za Sentinel-2, zilizoanza 2015, zinaonyesha ardhi kwa vipande vya mita 10. Faida yake kubwa ni kwamba hali ya awali iliyosahauliwa inaweza kurejeshwa. Mradi wa kurudisha uoto ulioanza miaka sita iliyopita bila takwimu za msingi haujapoteza kila kitu, kwa kuwa uoto wa mwaka ule bado umo kwenye picha. Hata hivyo msizitumie bila huduma ya hali ya hewa ya nchi yenu, kwa kuwa vituo vya ardhini ndivyo vinavyosahihisha setilaiti, na katika milima au pwani makosa ya setilaiti huwa makubwa. Makubaliano ya maandishi ya kubadilishana takwimu na taasisi hiyo yatawafaa kuliko mafunzo mengi mtakayoalikwa.

Upande wa kaya, ninachokitafuta katika ustahimilivu ni mambo mawili: familia ilishuka kwa kiasi gani baada ya pigo, na ilichukua muda gani kurudi. Utafiti mkubwa wa kaya unaofanyika kila baada ya miaka mitano hauwezi kuliona jambo hilo, maana ukame unaweza kuja na kuondoka kati ya raundi mbili na familia ikauza ng'ombe wake wote bila kuacha alama katika takwimu zenu. Dawa yake ni dodoso fupi linalorudiwa mara kwa mara kwa kaya zilezile, hata kwa simu. Kuna kipimo kifupi kinachotumika sana katika usalama wa chakula, kinachouliza mambo matano kwa siku saba zilizopita: je, mlikula chakula cha hadhi ya chini, mliazima chakula, mlipunguza kiasi cha kila mlo, watu wazima walijinyima ili watoto wale, mlipunguza idadi ya milo? Kila jibu lina uzito wake, na la watu wazima kujinyima ndilo lenye uzito mkubwa kuliko yote. Ongezeni maswali mawili au matatu juu ya kuuza mali ya uzalishaji na kumtoa mtoto shule. Mtu anaweza kumaliza kuyajibu yote kwa muda mfupi bila kuchoka. Mkiyauliza kila mwezi, mtaona mstari unashuka na kupanda, na katika mstari huo ndimo ustahimilivu unamoonekana. Angalizo moja tu: wasio na simu ndio mara nyingi walio maskini zaidi, kwa hiyo sehemu ya sampuli ifuatwe majumbani na wadodosaji, na majibu yagawanywe kwa jinsia, umri na ulemavu. Wastani wa wilaya huficha mengi.

Sasa swali lako gumu, la madhara ambayo hayakutokea. Haliepukiki: ni lazima kuwe na wa kulinganishwa naye. Mara nyingi watu hudhani hilo linahitaji majaribio ya gharama kubwa, au kuwanyima wengine msaada kwa makusudi. Angalia jinsi Mexico ilivyofanya mwaka 1997 ilipoanzisha Progresa, mpango wa kuzipa fedha kaya maskini za vijijini. Fedha hazikutosha kufikia vijiji vyote kwa mara moja, kwa hiyo katika vijiji 506 vilivyochaguliwa kwa utafiti, 320 viliteuliwa kwa bahati nasibu kuanza na 186 vikasubiri awamu iliyofuata. Uhaba wa fedha, ambao ungekuwepo kwa vyovyote, ukageuzwa kuwa ulinganisho safi, na matokeo yake yaliusaidia mpango huo kuendelea hata baada ya chama kingine kushika madaraka mwaka 2000. Programu zenu nazo karibu zote zinaingia kwa awamu. Mkishirikishwa kabla orodha ya awamu haijapangwa, mtapata kundi linganishi bila kuongeza gharama. Mkiitwa baada ya miaka mitatu kuja "kufanya tathmini", mtakuwa mmechelewa. Piganieni kiti katika kikao cha usanifu wa programu kuliko kitu kingine chochote.

Pia pimeni nje ya mpaka wa mradi. Tuta linalozuia mto kufurika mjini linaweza kuyasukuma maji kwenye mashamba yaliyo chini yake. Umwagiliaji wa visima virefu huongeza mavuno kwa miaka michache huku maji ya ardhini yakizidi kushuka. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilionya katika ripoti yake ya 2022 kwamba ushahidi wa hatua za namna hii, zinazohamisha au kuongeza hatari, unazidi kuonekana katika sekta na maeneo mengi. Ripoti za miradi haziwezi kuyaona madhara hayo kwa sababu zinawahesabu wanufaika peke yao. Kwa kila mradi mkubwa wekeni kiashiria kimoja kwa ajili ya watu walio jirani nao ambao hawakuombwa maoni.

Na hapo kwenye "wanufaika" nasimama kidogo, kwa sababu neno hilo limeharibu takwimu nyingi. Mtu aliyehudhuria semina ya siku moja na mtu ambaye kisima chake kinatoa maji katikati ya kiangazi wote huhesabiwa mmoja mmoja, na mara nyingi ni mtu yuleyule aliyehesabiwa na miradi mitatu. Hesabuni huduma inayofanya kazi wakati wa shida. "Visima 400 vimechimbwa" ni zao la kazi; "visima 310 kati ya 400 vilitoa maji mwezi wa mwisho wa kiangazi" ni matokeo, na tayari yana ustahimilivu ndani yake bila kiashiria kipya chenye jina la tabianchi. Sehemu kubwa ya agizo mlilopewa inaweza kutimizwa hivyo: chukueni viashiria bora vya sekta mlivyo navyo, mbadilishe wakati wa kuvipima. Barabara ipitike wakati wa masika. Zahanati iwe na umeme na dawa wiki ya mafuriko. Nikiulizwa ni ushauri upi mmoja ungebaki katika barua hii, ningeuacha huu.

Kuhusu madai ya kimataifa nitasema kwa ufupi. Mkataba wa Paris wa 2015 unazitaka nchi zitoe taarifa za uwazi kila baada ya miaka miwili, na za kwanza zilitakiwa mwisho wa 2024. Sehemu ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi humo si ya lazima kama ilivyo ile ya uzalishaji wa gesijoto. Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi uliofanyika Dubai mwaka 2023 uliweka shabaha kwamba kufikia 2030 kila nchi iwe na mfumo unaofanya kazi wa kufuatilia, kutathmini na kujifunza kuhusu hatua zake za kuhimili, na mkutano wa Belém mwaka 2025 ukapitisha orodha ya viashiria 59 vya hiari. Isomeni orodha hiyo mkiwa tayari mna vyenu. Mkianza nayo mtarudi pale pale mlipo: namba zinazokusanywa kwa ajili ya mtu wa mbali.

Kuna jambo ambalo halimo kwenye barua yako lakini nalihisi. Nchi nyingi zina tathmini nzuri zilizokufa kabatini kwa sababu hakuna aliyewajibika kuzijibu. Afrika Kusini ilianzisha idara ya ufuatiliaji na tathmini katika ofisi ya Rais mwaka 2010, na sera yake ya tathmini ya mwaka 2011 ilifuatwa na utaratibu kwamba kila tathmini ya kitaifa izae mpango wa maboresho, wenye kazi, mhusika na tarehe, na utekelezaji wake ufuatiliwe. Hata bila sheria mpya, wizara yenu inaweza kukubali kwamba kila pendekezo la tathmini lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 60: tumekubali, tumekataa kwa sababu hii, au tumekubali kwa sehemu. Kukataa kwa sababu ni haki yao. Kukaa kimya ndiko kusikokubalika.

Na msiifanye namba kuwa fimbo. Mkurugenzi aliyekatwa bajeti kwa sababu kiashiria chake kilikuwa chekundu atahakikisha robo ijayo ni kijani, na ninyi hamtajua kilichotokea shambani. Ombeni viongozi wenu kikao kimoja kwa mwaka ambacho kazi yake ni kueleza kwa nini mambo hayakwenda, bila adhabu kutokana na yatakayosemwa humo. Sambamba nacho, fanyeni ziara za kuhakiki: chagueni vituo vichache kwa bahati nasibu, mlinganishe rejesta ya kituoni na namba iliyofika kwenu. Tofauti mtakayoikuta itawafundisha zaidi kuliko warsha. Na kila mnapokusanya, mrudishieni aliyewapa taarifa kitu anachoweza kukitumia, hata kama ni jedwali dogo linaloonyesha kituo chake na majirani zake. Asiyerudishiwa kitu huacha kujali usahihi, na hana kosa.

Kwa hiyo mwaka huu chagueni programu moja tu, ile yenye fedha nyingi na inayoguswa zaidi na ukame au mafuriko. Ifanyieni yote haya kwa mzunguko mmoja kamili wa bajeti, mkitumia jedwali la kawaida la kompyuta mlilo nalo. Mfadhili mwambieni mnamshukuru, na mfumo mtauhitaji, lakini kwa mwaka wa kwanza mngependa fedha hizo zilipie ziara za uhakiki, dodoso la kila mwezi, na mtaalamu mmoja wa takwimu za mvua wa kukaa ofisini kwenu. Baada ya mzunguko huo mtaweza kumwandikia fundi wa mfumo ukurasa mmoja unaoeleza nani anafungua namba gani, mwezi gani. Asipopewa ukurasa huo, atawajengea fomu za viashiria 200.